Barua Itangulie Meli

Natumaini kila mmoja amekaa mahali anaposikia vizuri, na kalamu anayo. Walio nyuma na wasogee mbele kidogo. Leo tuna maneno mawili mapya ya kuandika, na tuna habari ndefu ya kweli.

Neno la kwanza ni SHEHENA. She-he-na. Shehena ni mzigo uliopakiwa katika chombo, kama vile meli, jahazi au lori. Neno la pili ni IDHINI. I-dhi-ni. Idhini ni ruhusa inayotolewa na mtu mwenye haki ya kuitoa. Angalieni sana jinsi d na h zinavyokwenda pamoja katika neno hilo. Mwalimu ayaandike ubaoni, nanyi myaandike katika madaftari yenu, maana tutayatumia mpaka mwisho wa somo.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya mapatano ya mataifa. Serikali huyaita mikataba ya kimataifa. Watu wawili wakipatana juu ya njia ya ng'ombe kupita shambani, na mmoja akavunja mapatano, mwenzake atakwenda kwa mzee wa kijiji, au kwa hakimu. Ahadi ni deni, na deni lina mahali pa kudaiwa. Lakini nchi na nchi zikipatana, nani aliye juu yao? Hakuna mzee wa kijiji wa dunia nzima. Hakuna askari wa kwenda kumkamata waziri usiku kwa kuwa nchi yake imesema uongo. Basi pengine mtauliza: mapatano ya namna hiyo yana faida gani? Si karatasi tupu?

Swali hilo ni zuri, na sitalijibu kwa neno moja. Nitawaelezeni mapatano ya aina moja tu, yale yanayohusu taka zenye sumu, ninyi wenyewe mpime.

Tuanze Nigeria. Katika nchi hiyo kuna mji mdogo wa bandari unaoitwa Koko, kando ya mto Benin, katika jimbo ambalo sasa linaitwa Delta. Mwaka wa 1987 na 1988 meli zilifika hapo kutoka Italia, moja baada ya nyingine, zikashusha mapipa kwa maelfu. Karatasi za forodha zilitaja vitu vya kazi ya ujenzi. Mfanyabiashara mmoja wa Kitaliani aliyekaa Nigeria alikuwa amekwisha tafuta mahali pa kuyaweka. Alimwendea mwenyeji mmoja wa Koko aliyekuwa na kiwanja kando ya nyumba yake, akapatana naye kodi ya dola 100 hivi kwa mwezi. Mwenye kiwanja alifurahi. Nani asiyefurahi akilipwa kodi kwa ardhi iliyokaa bure?

Mapipa yakapangwa juani, na hesabu yake ilikuwa karibu tani 4,000. Jua la Koko ni kali, na mvua yake ni nyingi. Baada ya muda mapipa yakavimba, mengine yakatoboka na kuvuja. Harufu ikaenea. Baadhi ya wafanyakazi walioyashika waliungua ngozi, wakaugua. Iliripotiwa pia kwamba watu wa mji walichukua baadhi ya mapipa, wakamwaga yaliyomo, wakayatumia kuwekea maji nyumbani. Msishangae. Pipa la chuma ni mali, na mtu mwenye shida ya maji halidharau pipa.

Ndani ya mapipa yale mlikuwa na nini? Mlikuwa na taka za viwanda vya Ulaya, na kati yake kemikali ambazo zamani zilitiwa ndani ya transfoma za umeme, na baadaye zikakatazwa katika nchi nyingi kwa sababu hazioozi, hukaa ardhini na katika mafuta ya mwili wa samaki na wa mtu kwa miaka mingi, na zinadhaniwa kuleta saratani. Maneno yaliyoandikwa juu ya mapipa hayakumsaidia mwenye kiwanja.

Sasa sikilizeni jinsi jambo hili lilivyofichuliwa. Halikufichuliwa na polisi wala na ofisi ya forodha. Kulikuwa na wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa wakisoma katika mji wa Pisa, huko Italia. Walisoma katika magazeti ya Kitaliani habari za taka zinazopelekwa kwao, wakaandika barua nyumbani, kwa magazeti. Mwezi wa Juni 1988 magazeti ya Nigeria yakatoa habari hiyo kwa herufi kubwa. Nchi nzima ikachemka. Serikali ya Nigeria ikamwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Roma, ikaizuia meli moja ya Kitaliani, ikadai taka zirudi zilikotoka. Mwaka huo huo ikatunga sheria kwamba mtu atakayeleta taka za sumu nchini atafungwa maisha.

Taka zikarudi kweli. Meli mbili zilipakia tena shehena ile. Moja iliitwa Karin B, na jina lake likajulikana duniani kote, kwa sababu ilipofika Ulaya kila mlango ulifungwa. Hispania ilikataa. Ufaransa ilikataa. Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zilikataa. Meli ikawa inatangatanga baharini kama mgeni asiye na mwenyeji, mpaka mwisho wa mwaka wa 1988 ikapokelewa Italia, bandari ya Livorno. Nadhani mmeona jambo hapo. Kitu kilichofaa kukaa kando ya nyumba ya mtu Koko hakikufaa hata kutia nanga katika bandari za Ulaya.

Kwa nini taka zisafiri mbali hivyo? Kwa ajili ya bei. Katika miaka ya 1970 na 1980 nchi za viwanda zilikuwa zimetunga sheria kali juu ya taka za sumu, na sheria zile zilikuwa nzuri. Lakini kuharibu tani moja ya taka hizo kwa njia ya salama kuligharimu dola 100 mpaka 2,000. Katika Afrika walipata mahali pa kuitupa kwa dola chache sana, mara nyingine mbili na nusu tu, mara nyingine 40 au 50. Hesabu hiyo hata mtoto ataifanya. Wenzetu wa Guinea-Bissau waliletewa mapatano ya kupokea tani milioni 15, walipwe dola milioni 600, fedha zilizozidi pato lote la nchi yao kwa mwaka. Mwishowe waliacha. Si jambo dogo kwa maskini kuziacha fedha kama hizo, nami nawasifu.

Na jina la shehena lilikuwa likibadilishwa kila mara. Meli iitwayo Khian Sea ilitoka Marekani mwaka wa 1986 na tani kama 14,000 za majivu ya taka zilizochomwa katika mji wa Philadelphia. Ilizunguka nchi nyingi, zikaikataa. Mwanzo wa mwaka 1988 ilifika Gonaïves, huko Haiti, na karatasi yake ilisema MBOLEA. Ilishusha karibu tani 4,000 ufukoni kabla serikali haijaizuia, ikaondoka usiku. Yaliyobaki yalitupwa baharini. Majivu ya Haiti yalikaa pale zaidi ya miaka kumi kabla ya kuondolewa. Na majivu mengine ya mji huo huo yalipelekwa kisiwa cha Kassa, karibu na Conakry nchini Guinea, na karatasi zikasema ni vitu vya kutengenezea matofali. Miti ya hapo ikaanza kunyauka.

Vifaa vya ujenzi, mbolea, matofali. Mnaona? Ni majina mazuri ya vitu ambavyo sisi sote tunavitaka.

Mwezi wa Mei 1988 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakatamka kwamba kutupa taka za viwanda na za nyuklia katika Afrika ni uhalifu juu ya Afrika na watu wake. Wakati huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilikuwa tayari likiyaita mataifa yazungumze juu ya jambo hili. Mkuu wa shirika hilo alikuwa Mostafa Tolba, mtaalamu kutoka Misri. Mazungumzo yakamalizika tarehe 22 Machi 1989 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Ndiyo maana mapatano yale huitwa Mkataba wa Basel.

Msidhani mazungumzo yalikuwa matamu. Nchi za Afrika zilisema: biashara hii ikatazwe kabisa, taka za tajiri zisije kwa maskini hata kwa ruhusa. Nchi za viwanda zilisema: hapana, isikatazwe, iongozwe tu, maana taka nyingine ni mali, zina shaba na risasi ndani yake, na kuna viwanda vya kuzitengeneza upya. Walibishana mpaka siku za mwisho. Kilichotoka hakikuwa katazo. Kilikuwa barua. Nchi nyingi za Afrika hazikutia saini siku ile, zilijiunga baadaye. Tanzania ilijiunga mwaka wa 1993, na Kenya mwaka wa 2000. Mkataba wenyewe ulianza kutumika tarehe 5 Mei 1992, na leo nchi zaidi ya 185 zimo. Marekani ilitia saini mwaka wa 1990, lakini mpaka leo haijauthibitisha.

Sasa niwaelezeni habari za barua hiyo, kwa kuwa ndiyo moyo wa jambo. Zamani shehena ilitangulia, na maswali yakafuata nyuma, taka zikiwa zimekwisha shushwa. Mkataba umegeuza mambo: barua itangulie, meli ifuate.

Tuseme kuna mtu katika nchi ya mbali mwenye mapipa 500 ya taka za sumu, naye anataka kuyapeleka nchi nyingine. Hawezi kupakia tu. Serikali yake lazima iandikie serikali ya nchi ile nyingine, au imlazimishe yeye aandike. Tena si barua ya salamu. Ni fomu yenye maswali mengi. Taka ni za nani? Zilitokea kiwanda gani? Ni za aina gani, na sumu iliyomo ni ipi? Ni kiasi gani? Ni maji, au unga, au tope? Zitapita nchi gani njiani? Atakayezipokea ni nani, na atazifanya nini? Tena, kwa nini zinatolewa nchini mwake? Swali hilo la mwisho mimi nalipenda sana.

Nchi iliyoandikiwa inaweza kujibu kwa njia nne. Inaweza kukubali. Inaweza kukubali kwa masharti. Inaweza kukataa. Au inaweza kusema, hatujaelewa, tuelezeni zaidi. Nchi inayopeleka hairuhusiwi kuiachia shehena mpaka idhini imefika kwa maandishi, na mpaka imeona hati ya mapatano kati ya mwenye taka na atakayeziharibu. Na kama jibu halikuja? Basi shehena haiendi. Kwa desturi za wazee wetu wengi, mwari akiulizwa juu ya ndoa na akanyamaza, watu walisema amekubali. Hapa sivyo. Nchi inayoletewa taka ikinyamaza, haijakubali.

Andikeni sentensi hii: SHEHENA HAIENDI BILA IDHINI. Someni pamoja na mwalimu. Mara ya pili. Vyema.

Na ikiwa mtu amepeleka kwa hila, bila barua, au kwa barua ya uongo? Mkataba unasema huo ni uhalifu, na nchi iliyotoa shehena lazima izirudishe taka hizo kwake, katika muda wa siku 30 tangu ilipoarifiwa. Hapo ndipo wajanja wanapoumia. Kusafirisha mara moja ni gharama. Kusafirisha kwenda na kurudi, kisha kulipia tena kuziharibu nyumbani, ni hasara tupu. Hakuna askari wa dunia, ni kweli, lakini hasara nayo ina nguvu zake. Jambo jingine: nchi zilizomo katika mapatano zimekatazwa kufanya biashara ya taka hizo na nchi zisizomo, ila kama kuna mapatano mengine maalumu. Basi anayekataa kuingia anajifungia mlango mwenyewe.

Afrika haikuridhika. Mwezi wa Januari 1991 nchi za Afrika zilikutana Bamako, mji mkuu wa Mali, zikaandika mapatano yao wenyewe. Haya hayakusema barua. Yalisema: hapana. Taka za sumu zisiingie Afrika kutoka nje kwa sababu yoyote ile, na taka za nyuklia nazo zisiingie. Maneno mazuri sana. Lakini yalianza kutumika mwaka wa 1998 tu, kwa kuwa nchi zilichelewa kuyathibitisha, na mkutano wa kwanza wa nchi zilizomo ulifanywa mwaka wa 2013. Hesabuni wenyewe kwa vidole: toka 1998 mpaka 2013 ni miaka mingapi? Mimi sitaki kuwalaumu wakubwa, lakini nyumba ikijengwa miaka kumi na mitano bila kufanya kikao, wenye nyumba wanangoja nini?

Na katikati ya miaka hiyo ndipo yalipotokea ya Abidjan.

Abidjan ni mji mkubwa wa Côte d'Ivoire, wenye watu mamilioni. Mwezi wa Agosti 2006 ilifika huko meli iitwayo Probo Koala, imekodishwa na kampuni kubwa ya kuuza mafuta. Ndani yake mlikuwa na tani zaidi ya 500 za uchafu uliobaki baada ya kusafisha mafuta machafu kwa magadi makali, humo humo melini, baharini. Mwezi uliotangulia meli hiyo ilikuwa Amsterdam, Uholanzi. Walianza kuupakua uchafu huo huko, lakini ulinuka vibaya mno, watu wa jirani wakalalamika. Kampuni ya kusafisha ilipoupima iliona si uchafu wa kawaida, ikapandisha bei mara nyingi. Wenye shehena wakaona ni ghali. Uchafu ukarudishwa melini, na meli ikaruhusiwa kuondoka.

Katika Abidjan walipata kampuni iliyokuwa imepewa leseni majuma machache tu kabla ya hapo. Haikuwa na mtambo wa kuharibu sumu. Ilikuwa na malori ya kukodi. Bei yake ilikuwa ndogo kabisa. Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Usiku wa tarehe 19 Agosti malori yakaanza kumwaga uchafu ule katika jaa la mji, kando ya barabara, katika mifereji, mahali pengi mbalimbali. Asubuhi watu waliamka na harufu kama ya mayai viza. Macho yaliwaka, pua zilitoka damu, watoto walitapika, vifua vilibana. Zaidi ya watu 100,000 walikwenda kutafuta matibabu. Serikali ilihesabu zaidi ya watu 10 waliokufa. Mawaziri walijiuzulu. Udongo wenye sumu ulichimbwa, na sehemu yake ikapelekwa Ufaransa kuchomwa. Baadaye, mwaka wa 2009, watu kama 30,000 walipata fidia kwa mapatano yaliyofanywa London, na mwaka wa 2010 mahakama ya Uholanzi iliitoza kampuni ile faini.

Sasa sikieni jambo linalouma. Uholanzi ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Basel. Côte d'Ivoire pia ilikuwa mwanachama. Mapatano yalikuwapo, yametiwa saini, yamewekwa kabatini. Lakini hakuna fomu iliyoandikwa. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyejibu. Mlango ulikuwa na kufuli, lakini aliyepaswa kuigeuza funguo Amsterdam hakuigeuza, na wa Abidjan pia hakuigeuza. Kwa hiyo mtu akisema mapatano ya mataifa ni karatasi tupu, anaweza kuitaja Abidjan, nami siwezi kumwambia anasema uongo. Lakini nitamwuliza jambo moja. Mahakama ya Amsterdam ilitumia kitu gani? Katika siku za Koko hapakuwa na sheria ya mataifa ya kushika mkononi. Nigeria ilitumia hasira yake na meli iliyoizuia. Nchi ndogo isiyo na nguvu za Nigeria ingefanya nini? Tazameni Haiti: majivu yalikaa miaka.

Mambo yameendelea baada ya hapo. Lile katazo ambalo Afrika ililitaka tangu mwanzo halikufa. Mwaka wa 1995 wanachama wa Mkataba wa Basel walikubali kuongeza sharti kwamba nchi tajiri zisipeleke kabisa taka za sumu kwa nchi zisizo tajiri, hata kwa barua. Sharti hilo lilihitaji nchi nyingi kulithibitisha, nalo likaanza kutumika tarehe 5 Desemba 2019. Miaka 24! Mtoto aliyezaliwa siku waliyolikubali alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Hata hivyo linazifunga tu nchi zilizolithibitisha.

Pengine mmoja wenu anasema moyoni: bwana huyu anatuambia habari za Nigeria na Haiti, sisi huku kwetu hakuna meli ya mapipa. Haya, tuje nyumbani. Siku hizi taka haziji kwa mapipa tu. Huja zimevaa jina jingine zuri: MITUMBA. Televisheni kuukuu, kompyuta, friji, simu, betri. Vingi vya vitu hivi ni vizima na vinatufaa. Mimi mwenyewe sitaki mtu anizuie kununua friji ya mtumba. Lakini kontena moja linaweza kuwa na televisheni ishirini zinazowaka mbele, na nyuma yake mamia yasiyowaka kamwe. Kioo cha televisheni za zamani, zile nene, kina madini ya risasi ndani yake. Betri za magari zina risasi pia. Vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, na moshi ule huingia vifuani mwao na katika maziwa ya mama anayenyonyesha jirani yao. Mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyoharibika, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imetengenezwa upya kwa njia nzuri.

Basi tangu tarehe 1 Januari 2025 vyombo vya umeme vilivyoharibika vyote, vyenye sumu na visivyo na sumu, havivuki mpaka bila ile barua na ile idhini. Tangu mwanzo wa mwaka 2021 taka nyingi za plastiki nazo zimewekwa katika sharti hilo. Ubishi mkubwa uliobaki ni huu: chombo hiki ni mtumba, au ni taka? Wataalamu wa mkataba wamepatana juu ya namna ya kutambua. Chombo kipimwe kama kinafanya kazi, kiwe na karatasi ya kuonyesha kimepimwa, na kifungwe vizuri ili kisivunjike njiani. Mtu anayekuletea mtumba mzima hufunga kila kimoja kwa uangalifu. Anayekuletea taka hurundika tu, kama kuni. Nanyi mnaouza au kununua vitu hivi sokoni, mnayo haki ya kuuliza karatasi hiyo iko wapi, na kuisoma.

Na mwenye kiwanja, akija mtu na kutaka kukodi mahali pa kuweka mapipa? Auliza kwanza mambo matatu: ndani mna nini, yametoka wapi, na kibali kiko wapi. Kibali kiletwe, asomewe au asome mwenyewe, kabla ya kupokea kodi hata ya mwezi mmoja. Akiona mashaka, kwa Tanzania kuna ofisi za NEMC, na kwa Kenya ofisi za NEMA. Au aanze na serikali ya kijiji au ya mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sumu bila daftari ni hivyo hivyo, huja bila habari.

Sasa kazi ya nyumbani. Katika nyumba nyingi kuna pipa au dumu la maji ambalo zamani lilikuwa la kitu kingine. Kesho mchana, jua likiwa juu, litazameni ubavuni na chini yake. Andikeni katika daftari kila neno na kila namba mnayoiona, hata kama imefutika nusu. Tafuteni alama ya fuvu la kichwa na mifupa miwili: maana yake ni sumu inayoua. Tafuteni pia namba yenye tarakimu nne, kwa kuwa mataifa yamekubaliana kila kitu cha hatari kipewe namba yake, iwe moja katika lugha zote. Petroli ni 1203. Mtaiona katika magari mengi ya kuibeba. Zile kemikali za transfoma nilizowaambieni, kama ni za majimaji, ni 2315. Leteni madaftari hapa darasani siku ya somo lijalo, mwalimu awasaidie kuzisoma. Na yeyote atakayeona fuvu katika pipa lake asingoje siku hiyo. Maji yale asiyanywe, wala asimpe mnyama.

Mwalimu, darasa ni lako. Kwaherini.